Shilingi Arobaini za Oluoch

Ndani ya sanduku la bati
lililokaa uvunguni tangu tuhame kota za reli, Gerezani:
filimbi isiyo na kokwa,
kofia iliyoliwa na mende ukingoni,
namba ya kazi ya shaba,
na madaftari kumi na tisa yamefungwa kwa kamba ya katani.

Kaka yangu Mihambo anataka shaba tu.
Kuna kijana getini, ana mizani na mkokoteni.
Mwambie asubiri, nasema. Nasoma.

Baba aliandika kwa penseli, herufi zimelaliana
kama abiria wa daraja la tatu.
Pugu, mvua, tumechelewa dakika hamsini.
Ngerengere, ng'ombe kwenye reli, amepona.
Morogoro, chai.
Mke kajifungua, mtoto wa kike. Injini inavuja.
Huyo mtoto ni mimi.
Injini ilipata mistari mitatu zaidi.

Mama hakuwa na saa, alikuwa na treni ya Kigoma.
Ikipiga honi Buguruni, anabandika maji;
ikifika Kamata, anatia unga;
baba akivua viatu mlangoni
ugali unafuka.
Siku ilipochelewa tulikula saa saba usiku
na hakuna aliyenung'unika.
Hata njaa yetu ilikuwa na ratiba.

Kisha mwaka wa sabini na saba
shirika la nchi tatu likafa bila matanga.
Wakagawana: injini kule, mabehewa huku,
deni katikati.
Mafundi walipanda ngazi na makopo ya rangi
wakafuta herufi ubavuni mwa mabehewa,
lakini zile za zamani zilichungulia chini ya mpya
kama shimizi chini ya gauni.

Oluoch Abuto, msaidizi wa baba kwenye injini,
ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa Kijaluo:
achiel, ariyo, adek,
mpaka leo hukwama kwenye saba.
Alikuja usiku na begi moja.
Mpaka ulikuwa umefungwa; pa kupita alipajua mwenyewe.
Akaomba shilingi arobaini za nauli.
"Nitazituma mwisho wa mwezi, Mnyamwezi wangu."
"Taratibu," baba akamjibu, "miezi ina miisho mingi."

Ukurasa wa mwisho wa daftari la mwaka ule:
Oluoch, 40/=.
La mwaka uliofuata:
Oluoch, 40/=.
Akalinakili kila Desemba, daftari hadi daftari,
hata arobaini iliposhindwa kununua kiberiti,
hata alipokuwa kwenye foleni ya mafao
amekalia gazeti, na wazee wenzake
wakiitana majina asubuhi
ili wajue nani hakuamka.

Sisi watoto tulimcheka.
Mama akasema, dawa ya deni kulipa.
"Nani kataka dawa?" baba akauliza.
"Siku nikilifuta
nitakuwa nimemzika mtu
ambaye sijaambiwa amekufa."

Daftari la kumi na tisa limekomea Machi.
Baada ya hapo ni mistari mitupu,
na alama ya kikombe.

Kijana amegonga geti mara ya pili.
Mihambo hakuniuliza; ametoka na namba ya shaba,
karudi na elfu tatu na pungufu
na soda mbili, moja yangu.
Nimeinywa. Ilikuwa ya baridi.

Usiku treni ya umeme inapita mbali,
nyepesi, haina moshi,
na haina sauti ya kupikia ugali.
Natafuta penseli, napata peni ya bluu.
Naandika tarehe ya leo.
Oluoch, shilingi arobaini.
Na chini yake, kwa kuwa nafasi ipo:
Mihambo, namba ya shaba, moja.