Safu ya Saba

Rejista yetu ina safu saba.
Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho.
Majina ya utani, na hapa ndipo utakapokaa kimya:
Kocha. Anko. Mwalimu Pipi.
Namba. Kosa, yaani kifungu tu, hakina damu.
Tarehe ya hukumu. Alama za vidole.
Ya saba ni Maelezo Mengine.
Mwaka wa kumi na moja huu niko Milimani
na safu hiyo haijaguswa na wino.

Mimi si hakimu. Ni karani.
Hukumu hushuka kutoka ghorofa ya juu
imefungwa utepe wa waridi,
nami huinakili kabla chai ya saa nne haijapoa.
Bila hukumu siandiki.
Uvumi siandiki. Kilio siandiki.
Mtaa mzima ukija na kidole kimoja, siandiki.

Jumatatu alikuja Wekulo Situma, bawabu wa shule kule Umoja,
sare imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini.
Mwalimu mkuu kamrudisha nyumbani:
eti jina lake limo humu.
Nikafunua. Limo kweli, herufi kwa herufi.
Akaweka kitambulisho juu ya kaunta
tukasoma namba pamoja, polepole, kama watoto wa chekechea.
Tarakimu saba zikakubaliana.
Ya nane ikakataa:
humu ni tatu, yake tisa.
Akacheka, kisha akaegemea ukuta.
"Basi niandikie kwamba mimi siye."

Sina fomu ya kusema mtu siye.
Rejista huwajua waliomo;
wasiokuwamo haina habari nao,
njema wala mbaya.
Nikamwandikia barua kwa mkono
nikaigonga muhuri ambao pengine si wangu kuugonga.

Alhamisi alikuja Mbithe, muuza mitumba wa Kawangware.
Alitaka kutazamiwa jina moja.
Nikamwambia kama ninavyowaambia wote:
rejista si gazeti, haifunuliwi kila mpita njia,
sharti uwe na sababu ya kuridhisha.
Akasema, "Sababu yangu ana miaka tisa."

Sababu yenyewe ilikuwa nje, kwenye benchi,
ikihesabu vioo vya dirisha.
Ilifika kumi na nne, ikaanza upya.

Nikatafuta kwa jina. Nikatafuta kwa namba.
Hayumo.
Mashahidi walikuwa watatu, akanieleza:
mmoja alihamia Makueni,
mmoja alipata pikipiki,
wa tatu ndiye yule anayehesabu vioo,
na siku ya kusimama kizimbani
sauti ilimkauka.
Faili likafungwa.

"Kwa hiyo ni msafi?"
"Kwa hiyo hayumo."
"Anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu.
Asubuhi humsalimia mtoto kwa jina."

Nilitazama kalamu. Yeye pia aliitazama.
Kuna wakati kalamu huwa nzito kuliko ndoo ya maji
na bado huwezi kuitua.
Akakunja khanga yake mara mbili, bila haja,
akasema asante.
Asante ya nini, Mbithe?

Jioni wenzangu walipokwisha kushuka
nilifunua ukurasa wa yule Wekulo wa tatu,
si wa tisa,
nikaandika kwenye safu ya saba
kwa herufi ndogo, mkono ukinitetemeka:
*Yuko mwingine mwenye jina hili. Huyo hakufanya.*
Wakinifukuza kazi, na wanifukuze kwa hilo.

Ila kwa Mbithe sikuwa na pa kuandika.
Safu ninazo, hata ile tupu ninayo.
Mstari ndio sina.
Mstari huchorwa juu, ghorofani,
na wa kwake haukushuka.

Nikafunga kabati. Ufunguo ukagoma, ukakubali.
Nikateremka kuelekea Uhuru Highway
nikihesabu madirisha ya maghorofa.
Kumi na nne.
Nikaanza upya.