Gigabaiti Mia Nne na Kumi na Mbili

Saa tatu usiku, Barabara ya Enterprise.
Nimekalia katoni ya beringi
(mhasibu amekifungia kiti chake)
natazama mstari wa kijani ukitambaa
kuelekea tawi jipya, Barabara ya Kirinyaga.

Miaka kumi na minne ya stoo imo katika faili moja:
kila nati, kila klachi,
kila gasketi iliyorudishwa pamoja na matusi.
Bi. Gulshan alisema, "Si ni kutuma tu? Tuma."
Kama kumwambia mtu alihamishe bwawa la Ndakaini
kwa mrija wa soda.

Asilimia sitini na moja.
Barasa wa langoni ananimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.
"Bado haijafika?"
"Inakwenda."
"Inakwendaje, na bado unayo hapa?"
Nikapuliza chai.

Asilimia tisini na saba, stima ikakonyeza.
Ukope mmoja tu.
Swichi ikafumba macho yake yote ishirini na manne,
na upande wa pili ukasahau kila nilichouambia.

Sasa naikata,
kama muuza miwa wa Muthurwa,
vipande vya gigabaiti mbili mbili,
kila kimoja na namba mgongoni.
Kikipotea, nakirudia hicho,
sirudii shamba.

Saa nane. Usingizi unanitafuta, nami naperua daftari la kale,
nakala ile ile, mwaka wa pili wa stoo:
*Kyalo Mutiso. Giaboksi. Elfu thelathini na mbili. Hajalipa.*

Baba.

Gari lile halikuwahi kufika Kitui mara ya pili.
Naye hakuwahi kulitaja deni,
wala njia hii hakuipita tena hadi tukamzika.

Safu moja. Haifiki herufi mia mbili.
Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufuta,
kikakaa,
na kwenye skrini kipande cha tisini na tatu
kikaandika: *kimepokewa*.

Alfajiri nikalinganisha jumla za pande mbili,
tarakimu kwa tarakimu, nikizisoma kwa sauti.
Zikasalimiana.
Hakuna kilichopungua huku, hakuna kilichopungua kule.
Deni la baba sasa lina nyumba mbili.

Langoni Barasa akafungua mkoba wangu,
akapapasa sweta, chaja, mkate uliobaki.
"Unatoka na kitu?"
Akaandika mwenyewe kitabuni, kabla sijajibu:
*hakuna*.