Maharage ya Etelvina

Alhamisi. Mvua imeufunga mji wa Paysandú.
Klabu ya wastaafu inanuka sakafu iliyopigwa deki,
na kibuyu cha chai chungu kinazunguka,
mrija mmoja, midomo sita.

Nimechapa karata thelathini na mbili,
kila moja ujumbe wa simu: mwingine wa kweli,
mwingine mtego. Anayenusa uongo
apige meza kwanza. Pointi ni maharage,
kama wanavyohesabu kwenye truco tangu ujana wao.

"Akaunti yako itafungwa leo saa kumi."
Pa! Kiganja cha Olegario,
mchinja ng'ombe wa zamani, vidole vinane tu.
"Umejuaje?"
"Mwalimu, miaka arobaini nacheza truco:
mwenye karata mbovu ndiye anayekuharakisha."
Nilikuwa na slaidi kumi na moja za kueleza hilo.
Nikaifunga kompyuta.

Nélida akaamini ameshinda jokofu.
Wakamcheka hadi akacheka mwenyewe,
akalidai jokofu lake mpaka jioni.

Kisha Etelvina akageuza ya kwake:
"Bibi, ni mimi. Simu yangu imeharibika,
hii namba mpya. Nitumie pesa. Usimwambie mama."
Hakupiga meza.
Akailaza karata kifudifudi, akailainisha kwa kidole
kana kwamba ina mkunjo.
"Hii ilinipata Julai, kwenye ile baridi.
Pensheni ya miezi mitatu.
Usimwambie mama. Nami sikumwambia,
hata sasa."

Mvua ikabaki ikizungumza peke yake.
Olegario akamsukumia rundo lake lote la maharage.
Akamrudishia:
"Sikushinda. Weka."

Alhamisi iliyofuata alikuja na karata zake mwenyewe,
kalamu ya bluu, mwandiko mwembamba wa shule ya masista.
Akaniwekea moja:
"Mwalimu, uliacha mwavuli wako mweusi klabuni.
Bonyeza hapa uthibitishe ni wako."
Na kweli niliuacha. Na kweli ni mweusi.
Nikasema, "Kweli!"

Pa!
Kibuyu kikayumba.
Akanyoosha mkono, akayachukua maharage yangu
moja, moja, akihesabu kwa sauti,
na mwavuli ulikuwa umening'inia
nyuma ya kiti chake tangu nilipoingia.