Mbuzi Kumi na Mmoja

Hanle, usiku wa Januari. Maji ya ndoo yamekuwa jiwe,
na darubini niliyokabidhiwa na serikali
imesimama uani kati ya samadi ya yaki na pikipiki mbovu,
shingo juu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Wageni wa Delhi wamekwenda kulala, vichwa vinawagonga
kwa uhaba wa hewa. Walilipa waone miezi ya Mshtarii;
wakaiona, wakapiga picha, wakasema baridi.

Ndipo akaja Abi Yangdol, bibi wa kila mtu,
na koti lake la ngozi ya kondoo linalonuka moshi,
mfukoni jibini kavu, ngumu kama jino.
"Haya," akasema, "nionyeshe pale inapoishia."

Mimi nilisoma kozi ya wiki mbili. Nina cheti.
Nikamwelekezea Andromeda, kile kiwaa cha unga,
nikamwambia: nuru hii, Abi, ilifunga safari
kabla hajazaliwa mtu wa kuitazama.
Miaka milioni mbili na nusu ilikuwa njiani,
na usiku huu imeishia katika jicho lako la kushoto.
Akalitoa jicho, akalipangusa kwa upindo wa shali,
kana kwamba safari imemwachia vumbi.

"Na nyuma yake?"
Zipo nyingine.
"Na nyuma ya hizo?"
Nyingine, na nyingine, mpaka...

Ulimi ukajikwaa hapo. Mimi neno lile
nilitaka kuendelea nalo mbele;
yeye alilisikia limesimama, bunduki begani.
"Ah, mpaka," akasema. "Nani analinda?"

Kwetu mpaka si hadithi. Ni jiwe lililopakwa chokaa.
Ni malisho ya Abi ya majira ya baridi
yaliyoamka asubuhi moja yakawa nchi ya watu.
Mbuzi wake kumi na mmoja hawakupewa taarifa,
walifuata nyasi.
Aliwapigia mluzi hata midomo ikapasuka,
na askari kijana, mtoto wa kusini kwenye joto,
akitetemeka kuliko yeye,
akamwambia kwa upole: Mama, mwisho hapa.

Nikajaribu kumweleza. Kwamba tunapokoma kuona
hapana ukuta, ni umri wa nuru tu;
walio mbali zaidi, barua zao hazijafika.
Kwamba anga linatanuka kama manyoya ya mbuzi
yakichambuliwa vidoleni, kila unywele
ukiachana na mwenziwe, na hakuna ulio katikati.
Kwamba labda halina kikomo. Au labda linajikunja,
ukienda mbele mno ukatokea kwako
kwa mlango wa nyuma. Kwamba wajuao hawajui.

Akatafuna jibini lake kwanza.
"Kama ukuta upo," akasema,
"aliyeujenga alikuwa amesimama wapi?"

Wiki mbili hazikufika huko.

"Basi ishushe."
Nishushe nini, Abi?
"Hiyo. Igeuze kule."

Nikaishusha. Kifaa kinachozifikia galaksi
kikagota kwenye mgongo wa mlima, mwendo wa nusu siku,
kikauonyesha kichwa chini, theluji ikining'inia
juu ya shimo lililojaa nyota.
Akainama. Akatazama muda mrefu
kuliko alivyoitazama Andromeda,
midomo inatembea. Nilidhani ni sala.
Nikasogea: saba, nane, tisa...
Akanyamaza, akaanza tena moja.

Aliponiachia kipande cha jibini, malipo yake,
hakusema aliona nini, nami sikuthubutu.

Asubuhi nilikuta kwenye lenzi
duara la pumzi yake limeganda, dogo, jeupe,
lenye kingo zilizo wazi kabisa.
Sikulifuta. Nilingoja
mpaka jua.