Mgeni wa Siku ya Tatu

Saa moja kamili asubuhi, saa moja kamili usiku.
Punda wa jirani alie asilie, mimi naitazama
saa ya ukutani aliyoiacha baba,
na kidonge kiganjani,
chepesi kama punje ya mchele iliyoachwa na wenzake.

Mtaa wangu ni Langoni,
na mwili nao una lango lake.
Mwanate alinipa figo, dadangu wa tumbo moja,
tulionyonya ziwa moja, tuliogombea ukoko wa sufuria moja.
Lakini walinzi wa damu hawasomi nasaba.
Hodi ilipopigwa hawakuuliza nani.
Walikimbilia marungu.

Siku mbili mgeni alikaa kimya.
Siku ya tatu, wodini Nairobi,
mkojo ukatiririka mfukoni, rangi ya samli,
na Mwanate, kitanda cha pili, akasema:
"Kashika jembe huyo!"
Akacheka hadi nyuzi zikamuuma.

Nilidhani dawa ni kazi ya mitambo na watu wenye glavu.
Binti yake, Swabra, asomaye mambo ya seli,
ndiye aliyenikalisha barazani akanieleza:
"Mjomba, hii ni jasho la bakteria.
Yuko udongoni, mwembamba kama uzi wako wa kofia,
anapigana na majirani zake gizani.
Wajapani walichota udongo chini ya mlima,
wakamlea, wakamkamua.
Na jamaa zake wamo humu humu Lamu.
Ile harufu ya mvua ya kwanza,
ni wao waipikao."

Basi vuli ilipoanza nilishuka uani pekupeku,
nikachuchumaa, nikavuta pumzi
kama mtu anusaye barua.
Mama alipokuwa na mimba yangu
alikuwa akibandua udongo wa ukuta wa jikoni, akila kwa siri.
Huenda tulianza kujuana hapo.

Hapana, sitaki kuipamba.
Dawa hii ina deni, na mlipaji ni mkono.
Unatetemeka.
Kofia niliyoimaliza kwa miezi miwili
sasa huchukua mitano,
na sindano hutafuta kitundu
kama mlevi atafutaye tundu la ufunguo.
Bwana Kupi wa Siu alinirudishia moja:
"Ua hili limepinda, fundi."
Lilikuwa limepinda kweli.
Nikampa fedha zake, kofia nikaivaa mwenyewe.

Balungi nimekatazwa. Si dini, ni damu:
huipandisha dawa ikawa sumu.
Mwanate akilimenya hunipa mgongo,
na mimi husikia kila kipande kikipasuka mdomoni mwake.
Ramadhani mchana nala nyuma ya mlango.
Shehe ameniruhusu, Mungu ameniruhusu.
Macho ya watoto ndiyo ninayoyakimbia.
Na mafua ya mtu mwingine, yeye chafya tatu,
kwangu ni kitanda wiki nzima,
maana walinzi waliolazwa
hawachagui wa kumlalia.

Juzi Swabra alipiga simu kutoka maabara.
Dawa yangu, ile ile,
wanaitia tone moja kwenye kisahani,
kisha wanachungulia seli zikiacha kuitana.
Hakuna mgonjwa hapo. Wanataka tu kujua
neno hupitaje kutoka ngozi ya seli hadi moyoni mwake,
na hukatikia wapi.
Nikamuuliza:
"Zikinyamaza hivyo, zimelala au zinasikiliza?"
Akakaa kidogo.
"Bado tunatazama, mjomba."

Usiku umeingia. Dakika tano kabla ya saa moja
simu inalia, Mwanate, neno moja tu kama kila siku:
"Umemeza?"
Naye anajua bado, nami najua anajua.
Namimina maji. Mkono unamwaga nusu.
Chini ya mbavu zangu, upande wa kulia,
kitu chake kinafanya kazi bila kuniangalia.

"Nimemeza."