Kitoe Juani

Kaka yangu Fortunato alipokwenda Iquique kupakua makontena
aliniachia droni, betri tatu,
na rimoti yenye mikono miwili
inayosubiri kukumbatia kitu.
Kitu chenyewe alikwenda nacho. Simu ilikuwa yake.

Nikauza lama wawili madume,
nikapanda basi la alfajiri hadi Oruro,
noti ndani ya soksi, soksi ndani ya buti.

Duka la Gualberto lina giza kama tumbo la chungu,
na gizani kila kioo ni malaika.
Akaniwashia kishikwambi cha inchi kumi na mbili:
samaki wa rangi wakanijia usoni kana kwamba wananidai.
"Hapa, mama, hata punje ya kinoa utaihesabu."

Nikamwambia: kitoe nje.
"Nje?"
Nje. Juani. Saa sita hii hii.

Hajui ninakotoka.
Kwetu ardhi ni chumvi, nyeupe hadi jicho linapochoka,
na jua hupiga mara mbili, juu na chini;
wageni huungua mpaka ndani ya pua.
Kwetu kivuli hukibeba mwenyewe, kichwani.

Akakitoa.
Samaki wakafa wote.
Kilichobaki kiooni ni mimi: kofia, mikunjo,
na nyaya za umeme za mtaa mzima nyuma yangu.
Sikuuza lama wawili ili nijitazame.

Cha pili kilikuwa na mwanga, ila kipana kama sinia;
mikono ya rimoti ikanyooka, ikagoma.
Cha tatu kiliingia sawasawa.
Nikaketi juu ya ndoo, nikakipa dakika ishirini za jua.
Ya kumi na nne kikajizima kwa joto,
kama mgeni aliyechoshwa na mazungumzo.
Cha nne na waya wetu
waliangaliana kama wakwe, hawakusemezana.

"Mama," Gualberto akafuta jasho, "unatafuta kishikwambi au mume?"
Mume nilimchagua gizani, nikamjibu,
ndiyo maana leo niko juani.

Cha tano hakikuwa kabatini.
Alikuwa nacho binti yake, Yesmina, chini ya kaunta:
inchi nane, ufa mwembamba pembeni,
stika ya farasi mgongoni.
Nikakitoa mwenyewe.
Mchezo wake ulikuwa bado unaendelea, shamba na ng'ombe watatu,
na kwenye kona, alama zake: elfu nne na kumi na sita.
Niliisoma namba hiyo bila kukinga mkono.
Nikavaa miwani ya jua, nikakisimamisha, nikakilaza;
namba haikutoweka.

Yesmina akaanza kulia.
Hapo sikuwa na maneno.
Baba yake akampa kile cha samaki,
na humo ndani, gizani, samaki wakafufuka.

Jumanne upepo ulilala. Nikarusha.
Lama kumi na saba walikuwa wamepotea tangu Jumamosi.
Weupe. Weupe. Weupe tena, hadi nikadhani kioo kimeganda.
Kisha nyuzi nyekundu za masikioni mwao,
kama fundi aliyeshona shuka akasahau kukata uzi.
Kumi na sita.
Nikahesabu upya, kwa kidole, kwa sauti.
Kumi na sita.

Betri ikaanza kulalamika. Nikairudisha droni,
na njiani nikaona nukta nyeusi imesimama peke yake kwenye chumvi.
Ndiye, nikasema. Nikashuka taratibu.
Nukta ikainua uso.
Ilikuwa mimi.

Picha ile nilimtumia Fortunato.
Akajibu: umekonda, dada.
Nikamwandikia: ni mita mia moja hizo.
Hakujibu tena siku ile, meli zilikuwa zimefika.

Wa kumi na saba alirudi mwenyewe Ijumaa,
amenenepa, hana hata aibu.