Mita Tatu

Tulimfunga Tuovi kitambaa machoni
tukamketisha katikati ya ukumbi, Tampere, mwezi wa pili,
viatu vyake vya theluji vikichuruzika mlangoni.
Kazi yake: kusikiliza, kutaja mita.
Kazi yangu: kuandika.

Nikabonyeza. Vibao viwili vikagongana.
"Mbili," akasema. Ilikuwa moja na nusu.
Nikabonyeza tena, spika ya mwisho, kule nyuma ya pazia.
"Tatu."
Ilikuwa kumi na moja.
Sikumcheka. Wote hufanya hivyo:
cha mbali tunakivuta,
cha karibu tunakisukuma kidogo,
kama mtu apangaye viti kabla wageni hawajafika.

Husemwa ukuta una masikio.
Humu ukuta una mdomo.
Sauti ikitoka, moja hukujia moja kwa moja,
nyingine huzunguka, dari, sakafu, kioo cha dirisha,
hufika zimechelewa, zina vumbi la safari.
Wakizidi wachelewaji, tunasema: mbali.
Wakipungua: hapa.
Hesabu hiyo hakuna aliyetufundisha.

Kisha mnong'ono. Niliukuza
hadi mshale wa kipimo ukagusa wekundu,
nikautoa kwenye spika ileile ya mwisho.
Tuovi akageuza shingo, akaziba sikio:
"Huyu yuko begani kwangu!"
Mnong'ono haukubali kupelekwa mbali.
Nani humnong'oneza mtu wa ng'ambo?

Wakati wa kahawa akauliza kama zulia lina kazi.
Nikasema lina kazi kubwa, linameza.
Akakoroga kikombe ambacho hakukitia sukari.
Aulis, akasema, amehamia kwenye nyumba ya wazee,
upande wa pili wa ziwa. Alitaka zulia lake,
na kabati la vitabu, na kile kiti cha sufi
ambacho hata hivyo nilikichukia.
"Juzi usiku nilikohoa jikoni
nikaitika.
Nilidhani kuna mtu sebuleni."

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Fomu ina safu ya mita,
safu ya jibu, safu ya kosa.
"Umbali gani?" nikauliza, kwa mazoea tu,
na papo hapo nikatamani kulirudisha neno.
Lakini yeye alifikiri kweli, kichwa ameinamisha,
kana kwamba kitambaa bado kipo.

"Tatu," akasema.

Nikaandika tatu. Safu ya kosa sikuigusa.
Viatu vyake vilikuwa havijakauka.